Siku Shekalage Alipobeba Sanduku la Masange

"Mbeba sanduku hakupiga kura." Mliisikia jana arusini, wajukuu zangu, mpishi alipokuta masufuria matupu, nanyi mkaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Nchi yetu ya Ulambo ilipokaribia uhuru, wakoloni walikubali tupige kura kwa mara ya kwanza. Hapa Kwembago aliishi mpasua mbao aliyeitwa Shekalage. Aliwahi kufungwa kwa kuidai kura hiyo, akatoka gerezani na mgongo mbovu.

Siku ya uchaguzi ilipofika, mvua ilikuwa imebomoa barabara ya kwenda Masange, kijiji cha ng'ambo ya mlima. Gari lililokuwa likipeleka sanduku la kura la huko likakwama hapa. Karani akaomba mtu wa kulibeba. Watu wakatazamana. Nani angetoka kwenye foleni siku ile, kituo kikiwa bado hakijafunguliwa? Shekalage akajitokeza.

Mkewe, Namkunda, akamshika mkono.

"Baba Mbelwa, kura yako iko hapa. Huko jina lako halimo."

"Najua. Nikikosa mimi, amekosa mmoja. Sanduku lisipofika, kimekosa kijiji kizima."

"Ukose hata wewe uliyefungwa kwa ajili ya kura hii?"

"Nitawahi kurudi," akasema, akajitwika.

Hakuwahi. Njiani matope yalimfika magotini, na kule Masange watu walikuja polepole, vikongwe wakibebwa mgongoni. Karani hakuwa na mtu mwingine wa kulirudisha sanduku, basi Shekalage akangoja, ameegemea ukuta, akiwatazama wakiingia na kutoka. Wa mwisho alipomaliza, akajitwika tena. Walipofika Kwembago, kituo kilikuwa kimeshafungwa.

"Pole sana, mzee," msimamizi akamwambia. "Siwezi kukifungua tena."

Shekalage hakubishana. Alikwenda nyumbani akaketi uani, na Namkunda akamwosha miguu. Mama yule alikuwa na wino wa kura kidoleni, akawa anakificha ndani ya khanga.

"Usikifiche," mumewe akamwambia. "Nilikuwa nataka kukiona."

Akakitazama kwa muda mrefu. Ngoma zilikuwa zimeanza kulia, na jirani yao Singano akaita kutoka nje ya ua, "Shekalage! Toka tucheze, bwana! Leo sote tumepiga kura!"

Shekalage akajinyoosha mkekani. Hakuwa na hasira. Alijibu kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa.

"Mbeba sanduku hakupiga kura," akasema, akafumba macho.