Kwa Nini Anayefuma Haamkiwi

Mnauliza kwa nini mwanamke akiwa na uzi na sindano ya kufumia haamkiwi, hali sisi watu wa hapa tunamwamkia hata anayepita ng'ambo ya shamba. Sogeeni basi, na anayetaka kusinzia asinzie mapema.

Hapo kale uzi haukujua hesabu. Wanawake walifuma vitambaa vya matundu kwa kukisia tu, vikatoka vimepinda pembe, na hawakujali sana, maana walifuma ili wapate kukaa pamoja. Kati yao Mize na Shumbana walikuwa chanda na pete. Kila alasiri Mize alichukua donge lake la uzi akaenda barazani kwa Shumbana, wakafuma na kupiga soga mpaka jua likachwa.

Siku moja Mize alifika kama kawaida, lakini Shumbana hakuinua kichwa.

"Hujambo, shoga?"

"Kumi na saba," Shumbana akajibu.

Mize akadhani hakusikika vizuri. "Na nyumbani hawajambo?"

"Kumi na nane."

Mize alirudi kwake kichwa kikimzunguka. Kumi na nane nini? Tangu azaliwe hakuwahi kusikia salamu ikijibiwa hivyo. Aliyageuza maneno yale huku na huko, mwisho akashika hili: Shumbana amemhesabia makosa. Basi akakaa jikoni kuyatafuta kwa vidole. Alipata tisa, na mengine alijisingizia. Moyo ulimuuma kwelikweli, kwani rafiki wa namna ile hakuwa na wa pili.

Kesho yake akaenda tena, akapiga hodi.

"Arobaini na mbili," akaitikiwa.

Masikini Mize! Tangu jana hakufanya lolote ila kupika na kulala, na makosa yamezidi maradufu. Akili ikamruka. Akapiga magoti pale pale, akamwaga yote aliyokuwa nayo: ungo alioazima asirudishe, siku aliyomcheka mkwe wa Shumbana, hili na lile. La tisa akaliacha la mwisho. Ni yeye aliyewaambia wenzao kwamba vitambaa vya Shumbana vimepinda, havifai hata kufunikia mtungi.

Sindano ikasimama. Shumbana alikitazama kitambaa kilichokuwa mapajani mwake, ambacho safari hii kilikuwa kimenyooka pembe zote.

"Nilikuwa nahesabu matundu, Mize," akasema. "Maneno hayo yalinifikia, ila sikujua yametoka kwa nani. Ndiyo sababu nikaanza kuhesabu."

Mize akainuka aende zake. Shumbana akaanza kukifumua kitambaa kile, tundu baada ya tundu, akampa Mize ncha ya uzi aukunje.

"Hesabu imeshanipotea," akasema. "Kaa, tuanze upya."

Na tangu siku hiyo anayefuma haamkiwi. Mgeni huvua viatu, hukaa, akangoja mpaka sindano itue, ndipo hujuliana hali. Akisikia namba haulizi ni za nini. Na wengi, wakiwa wamekaa pale kimya wakisikiliza hesabu ikipanda, hujikuta nao wanahesabu makosa yao.