Tumbo la Chui Kibuyuni

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Na masikio!
— Masikio ya kazi gani?
— Ya kusikia kisichosemwa!

Haya, sogeeni. Na wewe unayechezea simu, iweke chini. Dunia hizo za kwenye simu, mnazoingia mkasahau hata uji jikoni, msidhani zimeanza na ninyi. Wanyama nao walikuwa na yao, zamani, ndani ya bwawa.

Maji yake yalikuwa meusi, yametulia tuli. Mnyama alijilaza ukingoni, akayakodolea macho, akayakodolea, akayakodolea, mpaka mwili ukasinzia na kivuli chake kikazama. Huko chini kulikuwa na mji. Hakuna njaa, hakuna mwiba, na kila mmoja alikuwa vile alivyotamani kuwa. Ngiri alitembea na mkia wa tausi. Kobe alikimbia. Nyati, na ukubwa wake wote ule, alikuwa kipepeo.

Ila kivuli hakina koo. Ukitaka kusema huko chini, ulinasa sauti yako ndani ya kibuyu kibichi siku kilipokatwa, ukakiziba. Kibuyu kikizibuliwa pale ukingoni, sauti inaingia majini. Na vibuyu vingi, jamani, vilitoka na sauti hafifu. Huyu alisema akiwa mbali, yule alisema mdomo umejaa majani. Wote hao walikwenda kwa Sange.

Sange mnamjua? Yule kama panya, pua ndefu, macho kama mbegu za papai. Hakuna mwoga kama yeye. Jani likianguka, yuko chini ya jiwe. Akiogopa, mguu wake wa nyuma unapiga ardhi wenyewe, tu-tu-tu, hauna breki. Bwawani hakuingia hata siku moja. Aliogopa kuuacha mwili wake peke yake.

Lakini kwa kukuza sauti, alikuwa fundi. Aliweka sikio kwenye kibuyu, akatafuta pale sauti ilipopanda juu kuliko pote. Aliivuta sauti hadi pale pa juu paguse mdomo wa kibuyu, paguse tu, maana ikipita hapo inapasuka, inalia kama debe lililoanguka. Halafu aliichuja kwa kifumbu, kama tui la nazi. Achuje kwa nini? Kwa sababu ukiinua sauti, unainua na kilichojificha nyuma yake. Nzi aliyepita huku unasema, ukimkuza anakuwa ndege ya abiria.

Basi wanyama walipozama, Kanga ndiye aliyebaki macho. Jua likipinda, Kanga alilia: "Tokeni! Tokeni!" Nao wakaamka, wakaenda zao. Kila siku hivyo. Kila siku hivyo.

Siku moja wote wamekwisha kuzama, mke wa Sange na mapacha wake wawili humohumo, Sange amebaki kibandani peke yake na vibuyu vyake. Akasikia mtu mlangoni.

"Hodi, fundi."

Sange alinusa kabla hajaona, na manyoya yakamsimama hadi ncha ya mkia. Chui. Amekuja na kibuyu. Na kwenye sharubu zake umenasa unyoya, mweusi wenye madoa meupe.

Unyoya wa Kanga.

Tu-tu-tu.

"Karibu, bwana mkubwa."

"Nini? Sema nikusikie!"

"Karibu."

"Ala! Anakuza sauti za watu, yake imemshinda!" Chui akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka ghafla. "Kibuyu changu kimetoka na sauti ya mgonjwa. Ikuze. Nataka ijae mji mzima."

Sange akaweka sikio. Akasikia, mbali, kama mtu anayesema ndani ya blanketi: "Bado jua... Chezeni... Msitoke..."

Akaelewa yote, na afadhali asingeelewa. Kanga hayupo wa kuwaita. Wangengoja, wangengoja, mwisho baridi ya jioni ingewaamsha wenyewe. Lakini sauti hii ikiwashika humo majini, hakuna atakayeamka. Na miili iko pale ukingoni, minono, imepangwa kama mihogo sokoni.

"Bwana mkubwa, si... si heri ukainasa upya?"

"Vibuyu vibichi vimekwisha mpaka mvua ijayo. Tumbo langu linangoja mvua?"

"Halingoji, bwana. Na ulipokuwa ukisema, kibuyu ulikiweka wapi?"

"Chini ya tumbo. Nilijilaza majanini nisionekane. Unauliza mengi, we kipua!" Chui akaweka ukucha mmoja juu ya mkia wa Sange. Taratibu tu. "Mkeo ndiye yule wa tatu kutoka kwa Nyati, siyo? Mwenye watoto wawili kifuani. Nimempita nikija. Sauti ikiwa nzuri, nitamruka." Akalamba midomo. "Huenda."

Ile huenda, wajukuu zangu, ndiyo iliyomwingia Sange mifupani.

Akimbie? Mkia umekanyagwa. Apige kelele? Sauti yake haivuki mlango. Akaweka sikio mara ya pili. Akaipita sauti ya Chui, akasikiliza nyuma yake. Kulikuwa na kitu.

Nguru... nguru...

Mdomo ulikuwa mbali na kibuyu, lakini tumbo lilikuwa limekilalia.

Sange akavuta. Sauti ikapanda, na tumbo likapanda. Akavuta tena. Sauti ikapanda, na tumbo likapanda. Akavuta mpaka ikagusa mdomo wa kibuyu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kifumbu, kama ulivyozoea. Akaushika kwa mkono wa pili. Akichuja, mkewe amekwisha. Asipochuja, Chui akalisikia lile tumbo, yeye Sange amekwisha, na mkewe hatapona. Jasho likamtoka puani. Akakitundika kifumbu ukutani, kikavu.

"Tayari?"

"Ta-tayari."

"Nisikie."

Chui akaweka sikio. Sange akafumba macho. Kibandani pakalia: "Bado jua!" Nguru-nguru. "Chezeni!" Nguru-nguru. "Msitoke!" Nguru-nguru.

Chui akainua kichwa.

"Wee," Chui akasema polepole. "Hii siyo sauti yangu."

Tu-tu-tu-tu-tu.

"Mimi sauti yangu nzito, tamu. Huyu anasemea puani!"

Sange akafumbua jicho moja. "Bwana mkubwa, kila mtu husema hivyo akiisikia yake kwa mara ya kwanza. Hata Nyati alisema hivyo. Alilia."

"Nyati alilia?"

"Machozi, bwana."

Chui akanyoosha shingo kwa furaha. "Basi mimi silii. Kasoro nyingine sisikii."

Angesikiaje? Lile tumbo lilimngurumia tangu alipozaliwa. Mwenye kinu cha kusaga hasikii kinu chake.

Akambeba Sange kwa mkia, kichwa chini, mpaka bwawani. "Zibua wewe, fundi. Nikiona hata mmoja anafumbua jicho, naanza na hawa wako."

Sange akazibua. Pwaa!

"BADO JUA!" Miili ikalegea zaidi, na pumzi ya mkewe ikawa ndefu, nzito. Chui akamwachia Sange, akamkanyaga tu kwa ukucha, akainamisha kichwa juu ya mapacha. Ute ukadondoka juu ya sikio la mmoja. Sange akasema moyoni, nimewaua mwenyewe, nimewaua kwa mkono wangu.

Lakini kati ya neno na neno pana nafasi, na nafasi ile haikuwa tupu.

NGURU-NGURU.

Sikio la Digidigi likacheza.

"CHEZENI!"

NGURU-NGURU.

Mguu wa Swala ukarusha teke usingizini.

"MSITOKE!"

NGURU-NGURU-NGURU!

Mle mjini hakukuwa na njaa wala mwiba, na wanyama walikuwa wamesahau woga. Lakini sauti ile kila mmoja aliijua kabla hajajua jina la mama yake. Woga ukawarudia wote mara moja. Kipepeo mmoja huko chini akakumbuka kwamba ana pembe.

Jamani, vumbi! Swala huyoo! Ngiri huyoo! Mapacha wakapita katikati ya miguu ya Chui, mama yao nyuma. Nyati akainuka bado usingizini, anapepea kama bado ana mabawa, akatua. Akatua wapi? Mgongoni mwa Chui. Kra! Chubwi! Chui majini, kibuyu majini, na maji yenyewe yakawa yananguruma.

Sange hakuona vurugu hiyo ilivyoisha. Alikuwa chini ya jiwe na mkewe na wanawe, tu-tu-tu, miguu mitatu midogo ikipiga pamoja na wake.

Kanga hakurudi. Ndiyo maana watoto wake hupiga kelele hata pasipo na kitu; hawataki kungoja mpaka kiwepo. Na Chui, tangu siku ile, akienda kuwinda hasemi neno.

Sasa funzo, maana hadithi bila funzo bibi yenu hapewi chai. La kwanza, fundi asiyechuja kazi yake ni fundi mbovu, msimpe kazi. La pili, msiwe waoga, watoto, woga unaua. Sange alikuwa mwoga, na kweli alikufa. Alikufa mzee, meno yote yamekwisha, amelala katikati ya wajukuu arobaini, waoga watupu.

Kibuyu changu nimekiziba, atakaye azibue chake.

— Na hilo linalonguruma ni tumbo la nani?
— Langu, bibi!
— Haya, kimbia ukafunue chungu, kabla Nyati hajaamka.