Kiganja Kwenye Zege

Wapendwa, palikuwa na mjane mmoja, jirani wa bwawa la zamani. Mumewe alikuwa kati ya waliolijenga. Zege likiwa bado bichi, alikandamiza kiganja chake ukutani, vidole vyote vitano, kwa majigambo ya kijana aliyeoa juzi. Mume akazikwa, kiganja kikabaki.

Kila asubuhi mama huyu alishuka pale, akauweka mkono wake ndani ya ule mkono. Jamani, mnajua kumkumbuka mtu? Alimkumbuka mpaka akawa anakiamkia kiganja. Masika moja akakikuta kimelowa. Akasema, "Leo umetoka jasho, baba watoto." Akafurahi! Ukuta unavuja, mama wa watu anafurahi.

Masika mawili yakapita. Akaja injinia wa kukagua mabwawa yaliyozeeka, akapapasa pale pale.

"Mama, hapa pameanza kulowa lini?"

"Mwaka juzi, mwanangu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngepavunja. Mngeniachia nini cha mume wangu?"

Injinia hakumkemea. Akamwonyesha bondeni. "Kule kwenye bati jipya anakaa nani?"

Mama akalitazama bati lile. Kule alikaa bintiye na wajukuu wanne.

Maji yalipopunguzwa ili mafundi wapavunje na kupaziba, akaja akaweka kiganja kwa mara ya mwisho. Alilia, alilia kweli. Kisha akasema, "Nipeni hiyo nyundo." Akapiga yeye wa kwanza.

Ukuta ulipozibwa, mafundi wakamwonea huruma. "Mama, zege bado bichi. Weka na wako."

Mama akaificha mikono ndani ya khanga. Mnadhani hakutamani? Alitamani mno! "Hapana, wanangu. Na huu utazeeka. Sitaki mtu aje aogope kuuvunja kwa ajili yangu."

Sisi je? Tunakuja kugusa walichojenga wazee wetu, tunatoka na viganja vimelowa, tunasema tumebarikiwa. Kumbe panavuja! Ndoa zinavuja, kanisa hili linavuja, na bwawa letu pale juu nani alilitazama mwaka huu? Wale wazee hawakujenga ili tuje kulia ukutani. Walijenga ili watoto walale salama bondeni. Kwa hiyo kabla hujaniitikia amina, jiulize: wewe umeona unyevu wapi, na umenyamaza tangu lini?