Nadhiri ya Masatu Chini ya Boti

Sogeeni, nina kesi imenishinda, na kesi ikimshinda msimulizi huwaangukia wasikilizaji.

Kule Musoma, ziwani, walikuwepo washindani wanne wa mbio za boti za injini. Walikula sahani moja siku zote, isipokuwa siku ya mashindano, ambapo hakuna aliyemsalimia mwenzake. Wandwi alikuwa na masikio: injini ikilia mbali alikwambia ni ya nani na inaumwa wapi. Okelo alikuwa na mkono wa usukani, akipitisha boti mahali ambapo hata bata angesita. Bhoke, mwanamke pekee kati yao, alikuwa na pumzi. Akizama, watu ufukweni walianza kuulizana kama ana ndugu.

Wa nne ni Masatu, bingwa wao, na boti yake Mwewe. Siri ya ushindi wake ilikuwa ujeuri tu. Alijifunga kamba kiunoni na kwenye kiti, fundo juu ya fundo, ili boti ikirukaruka kwenye kona asilazimike kupunguza mwendo. Wenzake walimwonya sana. "Ninyi punguzeni," aliwajibu, "mimi nawasubiri mbele."

Mwaka ule magugu maji yalijaa nyuma ya kisiwa. Masatu akakata kona kwa mwendo uleule, boti ikagonga gogo lililojificha kwenye magugu, ikapinduka. Magugu yakarudi yakaifunika, usingejua kuna kitu. Chini yake Masatu alikuwa hai, kiuno kimefungwa kitini, amejikunja mpaka mdomo ukafika penye hewa kidogo iliyobaki chini ya sakafu. Kila alipovuta fundo lilizidi kukaza. Akagonga kwa ngumi, akaita, akaisikia sauti yake mwenyewe tu. Ndipo akaweka nadhiri: "Mungu wangu, atakayenitoa humu, Mwewe ni yake."

Wakati huo Wandwi alikuwa anaongoza, na kombe ambalo hajawahi kulishika liko mbele ya macho yake. Ghafla akahisi kelele za mbio zimepungua. Mwewe hailii! Akazima injini palepale, akawapungia mikono Okelo na Bhoke waliokuwa wanakuja nyuma, nao wakazima. Akatega sikio. Akasikia kugonga, kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi. "Yuko kule, kwenye magugu!" Kombe likachukuliwa na kijana mmoja wa Bunda ambaye leo hakuna anayemkumbuka jina.

Okelo akawapakia wote wawili akaingia. Magugu yakakaba propela, injini ikaanza kutoa moshi. "Zima, itaungua!" Wandwi akapiga kelele. "Iungue," Okelo akasema. Akayumbisha boti kushoto na kulia, akichonga njia mahali pasipo na njia, mpaka pua ya boti ikagusa Mwewe. Injini ikafia hapo. Ilikuwa ya marehemu baba yake, na hana nyingine.

Bhoke alikwisharuka. Hakuwa na kisu. Nani huenda mbioni na kisu? Vidole vikashindwa na lile fundo lililolowa, akaliuma kwa meno. Akapanda kuvuta ile hewa kidogo, kando ya mdomo wa Masatu. "Usinishike, utatuua wote!" akamfokea. Akashuka tena, akauma tena. Hatimaye fundo likalegea, na meno yake mawili ya mbele hayakurudi naye.

Ufukweni Masatu alilia na kucheka, na katika furaha hiyo akaitangaza nadhiri yake mbele ya watu wote. Laiti angenyamaza! Mtu mmoja akauliza, "Basi boti ni ya nani?"

"Nisingesikia mimi, mngekuwa bado mnamtafuta," akasema Wandwi.

"Ungesikia, halafu?" Okelo akamgeukia. "Ungetembea juu ya magugu?"

Bhoke akatema damu. "Mlisikia, mkafika, mkasimama juu yake mnamwita jina. Aliyeingia ni nani?"

Tangu siku hiyo hawajala sahani moja. Mchungaji amemwambia Masatu nadhiri hulipwa, shehe naye vilevile. Kuiuza na kugawana hawataki. Mwewe imekaa uani imefunikwa turubai. Kuiendesha hawezi kwa kuwa si yake, na kuitoa hathubutu. Juzi mkewe Nyanjige alimwambia, "Baba Magesa, mpe yeyote basi, tupumue." Akajibu, "Mama, kule chini nilikuwa na mahali pa kupumulia."

Mimi nimekaa na wale watatu, mmoja mmoja, na niseme ukweli: boti yenyewe hawaitaki kivile. Kila mmoja anataka Masatu asimame mbele ya watu, amtazame machoni, aseme, "Ni wewe uliyenitoa." Na akishamwambia mmoja, wale wawili amewapoteza, nao walimpa alichokuwa nacho kila mmoja.

Kesho asubuhi wamekubali kukutana uani kwake, na Masatu ameniomba nimpe jina moja. Msiniambie "wote", hilo ameshalijaribu, wakaondoka wote. Haya, wewe unayetikisa kichwa hapo mbele, ungekuwa yeye, ungemtazama nani machoni?