Sikio Lililokaa Chini ya Kidole Gumba

Aliye na haraka ya kucheka na akiweke kicheko chake mfukoni kwanza, maana habari hii ni ya dhuluma, na dhuluma haikosi uchungu kwa kuwa imepita.

Kulikuwa na enzi ambapo kompyuta ya mkononi, ile ndogo inayofunguka na kufumbika na kuingia mfukoni mwa kanzu, haikuwa na tundu hata moja usoni. Watu wa Vikurungu waliiita chaza, kwa vile ilikuwa na magamba mawili yaliyoshikwa na bawaba. Gamba la juu lilibeba kioo, la chini likabeba vibonye. Ukiifunga ilikuwa laini pande zote, huoni pa kupitisha ncha ya sindano. Aliyezitengeneza alikuwa fundi mmoja, Mwinjaka, naye alikuwa mtu wa kupenda urembo kuliko haki. Alisema tundu usoni ni makovu ya ndui. Kwa hiyo mdomo wa chaza, yaani spika, akauficha chini ya tumbo, mahali kinapokaa kiganja cha mshikaji. Sikio lake, yaani maikrofoni, akalizika kwenye pembe ya gamba la chini, palepale kidole gumba kinapopumzika. Ukiishika chaza vizuri, umeziba mdomo na sikio kwa mkupuo mmoja. Na watu walivyo, wakaisifu uzuri wake, wakazoea kupayuka, na wasiposikizana wakalaumu mawingu.

Mji huo ulikuwa na ubaya mwingine uliotangulia chaza. Huko, anayeulizwa akanyamaza amekubali. Ilikuwa hivyo kwa kuuza, kwa kugawa na kwa kurithi, na zaidi ya yote ilikuwa hivyo kwa kuoza. Binti akiulizwa kama ameridhia mume, haya zikamshika akainamisha kichwa, wazee walisema ameitikia. Labda ungeweza kuitetea desturi hiyo siku binti alipokuwa ameketi mbele yako, unamwona macho yake. Lakini wao waliibeba vilevile mpaka kwenye chaza, wasiipunguze wala kuitia akili.

Basi Mwinjaka alikuwa na binti wa kaka yake marehemu, aitwaye Semeni. Mama yake alimpa jina hilo kuwajibu majirani waliomchambua alipokuwa mjamzito: semeni mpaka mchoke. Semeni alikulia karakanani kwa ami yake, akisugua magamba ya chaza kwa mchanga laini mpaka yang'ae. Ami ndiye aliyekuwa walii wake, mwenye idhini ya kumwoza, na ami huyo alitaka kumwoza kwa Kibwana, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mto aliyekuwa akimletea shaba ya kazi.

Semeni hakumtaka. Mnangoja sababu? Asiyetaka wali huulizwa sababu? Hakumtaka, na alilisema hilo siku ya posa, jikoni, mbele ya somo yake Bi Havijawa, mwanamke aliyemfunda na kumlea tangu mama yake afariki. Mwinjaka alisimama mlangoni akisikia. "Hayo utamwambia Maalim mwenyewe siku ya kuulizwa," akasema. Semeni akaridhika na jibu hilo. Neno lake lilikuwa na siku yake, na yeye akaingoja siku hiyo bila kugombana na mtu.

Masika yale mto ulifurika ukaukata mji vipande viwili. Maalim Chande, mwozeshaji, alibaki ng'ambo pamoja na Kibwana na mashahidi. Watu wenye busara wangengoja maji yapungue. Mwinjaka akasema chaza ipo, ya nini kuogopa mto. Akaifungua sebuleni, akaishika mwenyewe kwa mikono miwili mbele ya uso wa Semeni, kwa adabu zote, kama anayempelekea mgeni sinia la tambuu.

Sauti ya Maalim ilitoka ikipenya kwa shida katikati ya vidole. "Binti Semeni, je, umeridhia kuolewa na Kibwana?"

"Siridhii," Semeni akasema. "Simtaki, Maalim."

Chaza ikakaa kimya. Bi Havijawa, aliyekuwa ameketi ubavuni mwake, akamwambia, "Rudia, mwanangu, mto unapiga kelele." Semeni akarudia, safari hii kwa sauti ya kumwita mtu aliye mwisho wa shamba. Punde ndani ya kiganja cha Mwinjaka kukasikika mvumo, kama nyuki ndani ya mzinga. Mwinjaka akatega sikio, akaifumba chaza. "Haya, yamekwisha," akasema, akarudi karakanani.

Semeni naye akaenda kuchambua mchele. Aliona kifua chake chepesi, akaimba, akala akashiba. Hilo ndilo lililokuja kumkereketa baadaye kuliko mengine yote. Ule mvumo ulikuwa vigelegele. Aliimba na kushiba siku aliyoozwa.

Maji yalipopungua, Kibwana alivuka na ngoma mbili na wapagazi wa kubeba masanduku. Semeni alikuwa kizingitini akipepeta. Kibwana akasema amekuja kumchukua mkewe.

"Mkeo nani?" Semeni akamuuliza, na hakuwa na mzaha.

Wanawake waliofuatana na ngoma wakaangua kicheko, wakaona ni maringo ya bibi harusi. Semeni akawatazama usoni mmoja mmoja mpaka vicheko vikaisha, na ndipo alipoelewa. Ungo ukamtoka mkononi. Akamgeukia ami yake, aliyekuwa ameshafika mlangoni na kanzu yake safi ya kupokelea wageni. Asubuhi ile hakumpa shikamoo, na watu walilitia hilo akilini.

"Ami, niliulizwa nikasema nini?"

"Ulisema ulilosema, mwanangu. Mimi nilidhani wamesikia. Kama hawakusikia, hilo ni la mawimbi ya hewani, si langu."

Hasira iliyompata Semeni haikuwa ya kuvunja vyombo. Ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa haikupata pa kumwagikia. Ami alisema ni mawimbi. Kibwana alisema yeye kaoa alichopewa. Mashahidi walisema wao walishuhudia kimya, na kimya kweli kilikuwepo. Wote wasafi, wote wamenawa mikono, na yeye kaolewa. Jamani, mtu akikuibia mchana kweupe unamkimbiza ukipiga yowe la mwizi. Huyu angemkimbiza nani? Alikataa kutoka nje. Kibwana aliposogea, Bi Havijawa akaweka kigoda katikati ya mlango, akakikalia. "Atakayempitisha hapa aanze kunipitisha mimi," akasema, na hakuna aliyethubutu.

Ikabidi shauri lipelekwe barazani kwa Maalim Chande, ng'ambo ya pili. Semeni alieleza yote, na Bi Havijawa akashuhudia kwamba alisikia neno kwa masikio yake. Maalim alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mwovu, lakini alikuwa mgumu kama kisiki.

"Nilikuuliza, nikasubiri, ukanyamaza," akasema. "Mwozeshaji hushika alichokisikia mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, binti. Nikisema leo kimya si jibu, mashamba mangapi ya mji huu yatarudi kwa wenyewe?"

Yaani hesabu ya mashamba ndiyo iliyomzuia. Semeni akaimeza hasira ile, akasema kwa utaratibu kwamba hakunyamaza, ila chaza ilimeza neno lake. Hapo Mwinjaka akasimama kwa kishindo. Binti angeweza kumlaumu ami, lakini si kazi ya mikono yake.

"Chaza yangu haijawahi kumeza neno la mtu," akasema.

"Basi tuijaribu, ami. Turudi nyumbani, sebuleni kwetu. Maalim akuulize kutoka hapa, wewe ujibu, na mimi nikushikie vilevile ulivyonishikia."

Mbele ya baraza zima Mwinjaka angekataa vipi? Akakubali huku akicheka kidogo. Kabla hawajapanda mtumbwi, Semeni alimwinamia Maalim, akamnong'oneza swali ambalo angependa liulizwe. Maalim alikunja nyusi, akafikiri, kisha akaitika kwa kichwa.

Sebule ilijaa watu mpaka uani. Semeni akaifungua chaza, akaishika kwa mikono miwili mbele ya uso wa ami yake, kwa adabu zilezile. Kiganja chake alikilegeza kidogo chini, ili mdomo upate pumzi na swali lisikike na kila mtu. Kidole chake gumba alikiacha kipumzike.

"Mwinjaka," sauti ya Maalim ikatoka, "je, umeridhia karakana yako na vyombo vyake vyote viwe mali ya Semeni?"

Mwinjaka alidhani hakusikia vizuri. Kisha akaona nyuso za watu, akajua amesikia. "Siridhii," akasema. "Siridhii hata kidogo. Maalim, unanisikia? Nimesema siridhii."

Chaza kimya. Mwinjaka akapaaza sauti mpaka kuku wa uani wakatawanyika. Chaza kimya. Jasho likaanza kumtoka, na macho yake yakashuka yenyewe, yakatua kwenye pembe ile ya gamba la chini.

"Toa kidole hicho, Semeni."

"Kiko mahali ulipokitengenezea, ami."

Akanyoosha mkono amnyang'anye, lakini Bi Havijawa alikuwa ameshajitia katikati, na nyuma yake wanawake wa mtaa mzima. Ndipo Maalim akasikika tena, taratibu, kama anayesoma: "Nimemuuliza, nimesubiri, amenyamaza. Karakana ni ya Semeni." Ng'ambo wakapiga vigelegele, na safari hii hakuna aliyedhani ni nyuki.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwinjaka alikimbilia mtoni na kiatu kimoja, akavuka, akaingia barazani akihema. "Maalim, nilisema. Nimesema mpaka koo limekauka."

"Nilikuuliza, nikasubiri, ukanyamaza."

"Sikunyamaza. Kidole chake kilikuwa juu ya sikio."

Semeni alikuwa amevuka nyuma yake na mtumbwi wa pili, naye aliyasikia maneno hayo akiwa anapanda ngazi. Akaja akasimama mbele ya ami yake, karibu kabisa.

"Kumbe sikio liko wapi unajua," akasema. "Basi niambie moja tu, ami, mbele ya hawa. Siku ile niliyoulizwa mimi, ulijua kidole chako kilipokuwa?"

Mwinjaka akatazama chini. Watu wakamsubiri. Alifungua kinywa akakifunga, akajifuta jasho kwa ukosi wa kanzu, akatazama mto. Neno halikutoka. Na kwa desturi ya mji wake mwenyewe, anayeulizwa akanyamaza amekubali.

Maalim Chande aliona aibu siku ile, na ilikuwa haki yake aione. Alisema hadharani kwamba ndoa ile haikuwa ndoa, kwa kuwa ilifungwa juu ya kidole cha mtu. Kibwana akaondoka na ngoma zake akinung'unika kwamba amedhalilishwa. Alidhalilishwa na nini, hakusema. Mwinjaka akaomba na karakana yake irudi kwa hukumu hiyohiyo. Maalim akasema ni haki irudi, lakini amuombe mwenyewe aliyenayo.

Semeni hakumtukana. Alimwambia karakana ataipata siku atakapolitoa sikio mahali lilipo. Mwinjaka akafanya kazi akiguna. Kwanza alitoboa usoni, akaviweka sikio na mdomo pamoja, bega kwa bega, ili makovu yawe mahali pamoja. Alipoiwasha, chaza ikajisikia yenyewe, ikapiga yowe, na kila ilipojisikia ikazidi kupiga, mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba. Akaitupa. Ndipo alipolipandisha sikio juu kabisa, kwenye paji la gamba la juu, katikati, lilipo mbali na mkono wa anayeshika na kumwelekea usoni anayesema. Mdomo akautoa chini ya tumbo, akaupasua mara mbili, akauweka kulia na kushoto mwa vibonye, ili jibu limfikie aliyeuliza na wote walio karibu. Bawaba ikabaki katikati ya sikio na midomo, chaza isije ikapiga yowe tena. Mwinjaka alipoiona alisikitika kwamba ameiharibu sura. Semeni akaichukua, akaishika kila namna ambayo mkono unaweza kushika, kisha akamrudishia ami yake ufunguo wa karakana. Shikamoo alichelewa kumpa, na hakuna aliyemlaumu.

Na tangu siku hiyo kompyuta ya mkononi inayokunjwa ina vitundu usoni, sikio juu na midomo chini, na anayeona ni makovu na aone. Kimya nacho kilipoteza cheo chake Vikurungu. Mpaka leo, mwozeshaji wa huko akimuuliza binti aliye mbali na asisikie kitu, haruhusiwi kusema amekubali. Huuliza kwanza: "Nani ameshika?"