Soksi Kavu na Mtamba Mmoja

Sogeeni karibu. Aliye na kiti akikalie, asiye na kiti akalie mkeka, na aliyekosa vyote akalie subira. Hadithi yangu haina kiingilio, ila ina kitokeo: haondoki mtu hapa kabla hajatoa hukumu. Mimi nimetembea sana, nimekula vyakula vya watu katika miji mingi, na kote nilikopita nimeacha sifa moja tu, kwamba biashara na mimi hatujawahi kupatana. Ndimi niliyepeleka miavuli Dodoma wakati wa kiangazi. Kwa hiyo tukifika mwisho msinitazame mimi. Tazamaneni ninyi kwa ninyi.

Basi, milimani Rungwe, kule ambako mvua ikishaanza hata bata huomba jua, palikuwa na shule ya bweni. Tuiite Lupandilo. Shule hiyo ilikuwa na duka lake, chumba kimoja kando ya bwalo, na walioliendesha ni wanafunzi wa kidato cha tatu wanaosoma biashara, ili yale ya darasani wayaone kwa macho. Kati yao walikuwamo watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Sekela alijaliwa sikio. Watu wakilalamika, wengine husikia kelele; yeye alisikia haja yao.

Ambakisye alijaliwa mkono. Kitu alichokipanga yeye ungekipata hata umefumba macho, na kitu alichokihifadhi hakikuharibika.

Tusajigwe alijaliwa moyo. Angeweza kukaa mbele ya sahani ya nyama, ana njaa, akangoja mpaka watu wote wanawe mikono.

Sasa sikieni habari za duka lenyewe, na msicheke mapema. Watu wa kule wanamheshimu mgeni. Akifika mmeshaanza kula, atapakuliwa yeye kwanza na ninyi mtakula kitakachobaki. Wale wanafunzi, kwa kuwa walilelewa vizuri na mama zao, wakaihamishia adabu hiyo dukani. Bidhaa iliyofika leo ilipangwa mbele ya rafu na kuuzwa kwanza. Iliyofika zamani ilisukumwa nyuma, kama mwenyeji anayesubiri ukoko. Huko nyuma biskuti zililegea, kalamu zilikauka, sabuni zikapasuka kama visigino vyangu. Ulikuwapo mkate mmoja ambao watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wakiuamkia shikamoo.

Siku moja Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mwakyoma, alipata wageni akaagiza biskuti. Mgeni alipojaribu kuivunja yake, biskuti ikajikunja kama kitambaa.  Mwalimu Mkuu aliwasindikiza wageni hadi getini, kisha akaja moja kwa moja darasani.

"Siku ya wazazi ikifika na duka hili halijasimama kwa miguu yake," alisema, "nalifunga, na chumba naweka majembe. Likisimama, yule aliyelisimamisha ataondoka na mtamba wa shule, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Yule mwekundu, mwenye doa usoni."

Alisema "yule" wala hakusema "wale", kwa sababu hakutegemea kumpata hata mmoja. Lakini darasa zima lilikaa wima. Kule, mwenye mtamba ana ada ya shule inayotembea kwa miguu minne.

Sekela akachukua sikio lake akalizungusha. Alikwenda bombani, kwenye kamba za kuanikia nguo, kwenye foleni ya uji. Hakumsikia mtu hata mmoja akitaja biskuti. Alisikia soksi. Sheria ya shule ni soksi nyeupe kila siku, na masika ya mwaka uliotangulia kila mwanafunzi alikuwa na jozi mbili: moja mbichi mguuni, nyingine mbichi kambani. Waliozikausha jikoni waliingia darasani wakinuka maharage. Akarudi akawaambia wenzake kwamba mvua iko njiani na duka liuze soksi za sufu, zile nyeupe nene zinazofumwa na akina mama wa kijijini, kwa kuwa hakuna mwanafunzi ambaye hatazinunua. Wenzake walikubali mara moja. Kisha wakaangaliana. Fedha ya kununulia iko wapi? Fedha yote ya duka ilikuwa imekaa nyuma ya rafu, ikiota ukungu.

Ambakisye akakunja mikono ya shati. Alitoa kila kitu nje, akakipanga kwenye nyasi juani. Kilichooza kilikwenda kwa nguruwe wa shule, ambao juma lile waliishi kama mabalozi. Kilichokaribia kuharibika alikipunguza bei, na kabla ya kengele ya jioni kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki kizima alikirudisha ndani, lakini akakipanga kinyume: cha zamani mbele, kipya nyuma. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Lwitiko, kiranja wa darasa, kijana wa maneno, akasimama mlangoni.

"Ambakisye, kwenu mgeni mnamkalisha uvunguni?"

"Kwetu mgeni tunampa kiti, kaka," Ambakisye akajibu, bila kuacha kupanga. "Ninyi mnampa mlango. Ndiyo kwanza kafika, hajamaliza hata kupumzika, mmeshamtoa nje. Hiyo ndiyo heshima?"

Lwitiko akacheka mwenyewe. Tangu siku hiyo aliyetangulia kufika dukani ndiye aliyetangulia kutoka. Hakikuharibika tena kitu, na fedha iliyokuwa imelala nyuma ya rafu ikaamka.

Sasa ninyi mnajua fedha ikiamka jambo la kwanza linalofuata ni nini. Pilau. Darasa lilishakubaliana, mbuzi alishachaguliwa, na wapo waliokwisha kugombania maini. Tusajigwe, aliyekuwa mweka hazina, akalikalia sanduku la fedha. Nasema akalikalia, kwa makalio yake.

"Dada, inuka," Lwitiko akamwambia. "Faida isiyoliwa ni uvumi."

"Na ikishaliwa?" Tusajigwe akamuuliza. "Kesho utasimama dukani uuze mate?"

Aliliondoa sanduku pale na kwenda nalo kijijini, kwa akina mama wafumaji. Wangeweza kumuuzia soksi chache zilizokuwapo, akarudi. Lakini aliona kwamba wanawake wale walikuwa na sindano na mikono, ila sufu hawakuwa nayo, maana hawakuwa na cha kununulia. Mkopo walikuwa wanauogopa kama chui. Akawaeleza jambo jingine: duka liweke fedha yake yote katika sufu, nao waweke kazi yao, na kitakachopatikana wagawane kwa hisa. Mama Ngwisa, mkubwa wa kikundi, akauliza:

"Na mvua isiponyesha, mwanangu?"

"Hatutawadai, mama. Tutakosa pamoja. Mtabaki na soksi nyingi, na sisi tutabaki na aibu nyingi."

Akina mama walicheka, wakasema "ndaga", ndiyo asante ya huko, na siku sufu ilipofika sindano zikaanza kulia.

Mvua haikunyesha.

Naam. Milima ya Rungwe, ambayo huwa inanyeshewa hata wakati wa harusi, ikakauka kana kwamba imekodishwa na watu wa Dodoma. Soksi zilizidi kufika dukani, marobota kwa marobota, na jua likazidi kuwaka. Tusajigwe akabandikwa jina la Mama Sufu. Kila alipopita mtu alijipepea kwa daftari na kuuliza pilau ilikuwa iive lini. Hata Sekela alianza kulishuku sikio lake. Akatokea mchuuzi mmoja, akataka kuinunua hisa yote ya duka katika soksi hizo kwa bei ya kutupa, na darasa likapiga kelele auziwe, angalau ipatikane hata nusu mbuzi. Tusajigwe akamkaribisha maji ya kunywa, akamshukuru kwa safari yake, akamwonyesha njia.

 Wakati huo Ambakisye alikuwa ameliona doa dogo kwenye dari, juu ya kona ya rafu kubwa, mahali ambapo kila mtu angependa kuweka marobota kwa kuwa ni karibu. Akayahamishia upande wa pili. Akayainua juu ya mbao yasiguse sakafu, akayaachanisha na ukuta, akayafunika kwa turubai. Wenzake wakamwambia anatandika kitanda cha bwana harusi. Mvua yenyewe iko wapi?

Ikaja. Ikaja na ya mwezi uliopita na ya mwezi unaofuata. Kilima kikaporomoka juu ya barabara ya mjini, malori ya wafanyabiashara yakakwama ng'ambo, na katika kata nzima soksi kavu zikabaki mahali pamoja. Bwalo likajaa maji, stoo ya shule ikalowa, na dari ya duka ikafunguka palepale penye doa, maji yakamwagika kwenye kona iliyokuwa tupu. Marobota hayakuguswa na tone. Asubuhi foleni ilianzia mlangoni mwa duka ikaishia kwenye mashamba ya chai: wanafunzi, walimu, wachuma chai, na Lwitiko, ambaye alinunua jozi zake akiwa amefumba macho kwa aibu. Akina mama walipata mgawo wao wakanunua sufu nyingine. Duka likapata mgawo wake, likasimama, likachuchumaa, likasimama tena kuonyesha kwamba linaweza.

Siku ya wazazi, mtamba akaletwa. Akafungwa kwenye mlingoti wa bendera, akaanza kula maua ya Mwalimu Mkuu. Naye Mwalimu Mkuu, aliyevaa soksi za sufu ndani ya viatu vyake vya heshima, akauliza ni nani aliyelisimamisha duka. Majina matatu yakapigwa kelele kwa pamoja.

Akawaita mbele, akamtaka kila mmoja aseme lake kwa kifupi.

Sekela akasema, "Bila mimi Ambakisye angepanga vizuri sana biskuti zisizotakiwa na mtu, na Tusajigwe angeweka fedha katika mambo asiyoyajua. Soksi nilizisikia mimi."

Ambakisye akasema, "Bila mimi Sekela angesikia, akaishia kusikia. Fedha niliitoa mimi nyuma ya rafu. Na soksi zingelowa, mngenunua nini? Mbichi mnazo kwenu."

Tusajigwe akasema, "Bila mimi fedha hiyo ingekuwa pilau, na pilau hiyo sasa mnajua iko wapi. Sufu niliiamini mimi, na wakati wa jua nilichekwa peke yangu."

Wazazi wakagawanyika. Bibi yake Ambakisye alisema fimboye ikiwa juu kwamba kusikia na kungoja ni kazi za kukaa, mwenye kutoka jasho ni mjukuu wake. Baba yake Sekela akajibu kwamba jasho bila akili ni la punda. Mama Ngwisa akasimama na kikundi chake kizima, wote wamevaa soksi, akasema wazo na nguvu vipo kila nyumba, kinachokosekana ni mtu wa kuweka chake mahali penye hatari na kutulia.

Wapo waliosema wagawane. Huyo ni mtamba, jamani, si mkate. Ukimgawa leo unakula nyama, na kesho huna maziwa wala mtaji. Wapo waliosema afugwe palepale shuleni. Zizi limejaa, ndiyo maana anatolewa. Wapo waliosema azunguke, mwezi huku mwezi kule. Watoto wale wanatoka vijiji vitatu vilivyotengwa na mabonde matatu, na ng'ombe wa kutembezwa hivyo hanenepi, hukonda kama mimi. Na Mwalimu Mkuu alishasema "yule", na ni mtu ambaye harudi nyuma katika neno lake.

Ndipo akageuka akamtazama mgeni mmoja aliyekaa nyuma, mtu asiye na ndugu pale, aliyetembea miji mingi. Mgeni huyo alikuwa amefika na shehena ya miwani ya jua kuiuza milimani wakati wa masika. Ndiyo, jamani, mimi. Mwalimu Mkuu akasema kwa kuwa sina upande niamue mimi, na kwa heshima ya mgeni nikapewa kiti cha mbele na kamba ya kumwongozea mtamba, nimpe mshindi. Nikamtazama Sekela, nikaona ni haki yake. Nikamtazama Ambakisye, nikaona ni haki yake. Nikamtazama Tusajigwe, kamba ikaniponyoka mkononi. Nikaiokota, nikaomba ruhusa nikanywe maji kidogo, na hayo maji nayanywa mpaka leo.

Mtamba nimemwacha mlingotini. Maua yanakaribia kwisha, Mwalimu Mkuu ameshika kiuno, na watoto watatu wamesimama mbele yake kwa soksi kavu, kila mmoja mkono nje. Kamba ndiyo hii, nimekuletea. Je, wewe ungemkabidhi nani?