Shaibu na Funguo za Majirani

Mtoboa ukuta haachiwi ufunguo. Mnataka asili yake? Methali hii ilianza hivi, tena msidhani ni ya enzi za mababu. Mwenyewe yu hai na ugali anaula vizuri tu.

Shaibu alipanga chumba Ngamiani, Tanga, nyumba yenye wapangaji tele. Pale mtu akisafiri humwachia jirani ufunguo, na wengi walimwachia Shaibu, fundi wa kompyuta, kijana mpole asiyegusa cha mtu.

Kampuni moja ikamwajiri. Mshahara mnono jamani, nani angekataa? Alitakiwa atengeneze programu ya simu ya matokeo ya mpira, na ndani yake afiche njia ya kusoma ujumbe wa watu, kampuni ipate kuwauzia wafanyabiashara habari zao. Shaibu alisita. Kisha akajiambia, "Mimi natoboa tu. Wanaochungulia ni wengine." Akatoboa.

Majirani wakaiweka programu ile kwenye simu zao, kwa kumfurahia mtoto wao. Mmoja wao alikuwa Bi Mosi, mwenye maradhi aliyomwandikia daktari peke yake kwa simu. Haukupita muda, wauza dawa wakaanza kumpigia. Simu moja ikapokewa na wifi yake. Lo! Mtaa mzima ukajua.

Shaibu aliposikia habari hiyo roho ilimuuma kwelikweli. Akaacha kazi, akamwendea Bi Mosi, akamweleza yote na kumwomba radhi. Akasamehewa.

Baadaye zahanati ya mtaa ikatafuta mtunza kumbukumbu za wagonjwa. Shaibu aliitaka kazi ile kufa na kupona, apate kulisafisha jina lake. Kufika mbele ya kamati, mwenyekiti ni nani? Bi Mosi.

"Mwanangu," alisema, "mtoboa ukuta haachiwi ufunguo."

"Hata akiliziba tundu, mama?"

"Akiliziba tutamshukuru."

"Si ulinisamehe?"

"Nimekusamehe, na leo mchana utakula kwangu. Lakini wagonjwa hawa hawakunituma nikusamehe kwa niaba yao."

Alionewa? Hata mimi hujiuliza, na sijapata jibu. Shaibu naye alirudi nyumbani akinung'unika kwamba yale ni maneno ya kamati tu, moyoni mama yule anamwamini.

Jumamosi Bi Mosi akasafiri kwenda Pangani. Alimwachia Shaibu sahani ya wali wa nazi, akamkumbatia, akamwombea dua. Kisha akafunga mlango wake, akautia ufunguo kwenye mkoba, akaondoka nao. Shaibu akabaki na sahani mkononi, akiitazama kufuli. Mtoboa ukuta haachiwi ufunguo.